Dokta Livingstone, Mpimaji wa Nyota Huko Ujiji

Katika zama zetu watu wameona jambo ambalo babu zetu hawakuliona. Tarehe 7 Desemba 1972 Wamarekani watatu waliokuwa wakienda mwezini katika chombo kiitwacho Apollo 17 waliigeukia dunia, nao walikuwa mbali nayo yapata kilometa 29,000, wakaipiga picha. Katika picha ile dunia ni duara la buluu na nyeupe katika giza, na nchi ionekanayo kuliko zote ni bara letu la Afrika. Mwaka ule ule, mwezi wa Julai, setilaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa ili izunguke na kuzipiga picha nchi zote, na tangu hapo kazi hiyo imeendelea. Katika picha zake Ziwa Tanganyika ni mstari mrefu wa rangi nzito, umelala kutoka kaskazini hata kusini kwa kilometa zipatazo 670, na milima imesimama kando zake mbili kama kuta. Tena tangu Julai 2022 darubini iitwayo James Webb, ambayo yakaa mbali kupita mwezi, imetuonyesha galaksi ambazo nuru yake ilianza safari kabla dunia yetu haijakuwapo.

Mtu wa Kigoma aweza sasa kuzitazama picha hizo katika simu yake akiwa ameketi ufukoni. Kwa hiyo yafaa tumkumbuke mtu mmoja aliyekaa ufuko huo huo zaidi ya miaka 150 iliyopita, akitamani kujua umbo la ziwa na njia za mito yake. Huyo hakuwa na picha wala chombo cha kumpandisha juu. Njia yake ilikuwa kusubiri usiku, kuipima nyota, na kuandika hesabu katika daftari. Jina lake ni David Livingstone. Habari za mahubiri yake na safari zake mmezisikia mara nyingi. Leo tutazame kazi yake ya nyota, faida yake, na mahali ilipomshinda.

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika mji wa Blantyre, nchi ya Uskoti. Wazazi wake walikuwa maskini, nyumba yao ni chumba kimoja. Alipokuwa na umri wa miaka 10 alitiwa katika kiwanda cha pamba, akafanya kazi tangu saa 12 asubuhi hata saa 2 usiku. Kazi ikiisha alikwenda kusoma darasa la usiku, na mchana aliweka kitabu juu ya mashine, akaokota maneno machache kila apitapo. Alipenda sana habari za mawe, mimea na nyota. Baba yake, mtu mcha Mungu, alitaka asome vitabu vya dini tu, maana aliogopa kwamba elimu ya vitu vya asili itamtoa mwanawe katika imani. Jambo hili likaleta fitina kati yao, na kijana akapigwa fimbo kwa kukataa kitabu alichopewa.

Basi katika siku zile palikuwa na mwalimu mmoja Mskoti, jina lake Thomas Dick, aliyekuwa mtumishi wa kanisa kisha akawa mwandishi wa habari za mbinguni. Mzee huyo aliandika vitabu vingi kuonyesha kwamba mtu azitazamaye sayari na nyota kwa darubini hana haja ya kumwacha Mungu wake. Livingstone alisoma kitabu chake kimoja alipokuwa kijana, na mashaka yake yakatulia. Tangu siku ile aliona kwamba imani na elimu zaweza kukaa nyumba moja pasipo ugomvi. Lakini yafaa tuseme neno jingine juu ya Dick. Kwa kuwa aliamini kwamba Mungu hafanyi kitu bure, alifundisha pia ya kuwa mwezi na sayari zote zina wakazi, hata akafanya hesabu ya wingi wao. Leo picha zimetuonyesha mwezi ulio mtupu kabisa, na Mshtarii iliyofunikwa na mawingu ya dhoruba. Mwalimu huyo alikuwa sahihi alipozitaja nyota alizoziona. Alikosea alipojaza kwa mawazo yake mahali ambapo darubini haikufika. Tulishike neno hili, maana tutakutana nalo tena.

Mwaka 1836 Livingstone akaanza kujifunza uganga katika mji wa Glasgow, na mwaka 1838 akapokelewa na Shirika la Misioni la London. Akabarikiwa mwezi wa Novemba 1840, akapanda merikebu kwenda Afrika Kusini. Safari ilikuwa ndefu, na nahodha wake, Bwana Donaldson, akamfundisha usiku kutumia chombo cha mabaharia cha kupimia urefu wa nyota. Mmisionari huyo hakujua bado kwamba mafundisho hayo ya merikebuni yatamfaa katikati ya bara, mbali na bahari.

Miaka kumi baadaye alikuwa amekwisha kuvuka jangwa la Kalahari na kuliona Ziwa Ngami, mwaka 1849. Mwaka 1852 alifika Cape Town, akamwendea Bwana Thomas Maclear, mkuu wa nyumba ya kutazamia nyota ya mji ule. Maclear alikuwa mpimaji hodari. Akamketisha Livingstone kama mwanafunzi, akamzoeza hata mkono wake ukatulia. Kisha Livingstone akashika njia ya kaskazini. Tarehe 31 Mei 1854 akafika Loanda, pwani ya magharibi. Akarudi akavuka bara lote, akayaona maporomoko makubwa ya Zambezi mwezi wa Novemba 1855, akatokea Quelimane, pwani ya mashariki, mwezi wa Mei 1856. Njiani aliugua homa mara nyingi, lakini aliendelea kupima na kumpelekea Maclear hesabu zake ili azisahihishe. Kwa sababu ya vipimo vile wenye elimu wa Ulaya walimwamini. Maana wasafiri wengi walileta hadithi, naye alileta tarakimu ambazo mtu mwingine angeweza kuzikagua.

Pengine msomaji atauliza, nyota zaweza kumwambia mtu nini juu ya mahali pake? Mwandishi wa ramani hana budi kujua mambo mawili: yuko mbali kiasi gani na ikweta, na yuko mbali kiasi gani upande wa mashariki au magharibi. La kwanza ni jepesi. Nyota ifikapo juu kabisa katika mwendo wake wa usiku, mtu huipima urefu wake, akatazama kitabu cha hesabu za nyota, akapata jibu. Baharini hupima kutoka mstari ambapo maji na mbingu hukutana. Barani mstari huo hufichwa na miti na vilima, kwa hiyo Livingstone alimimina zebaki katika chombo kipana, ikatulia kama kioo, akaitazama nyota ya juu na kivuli chake chini.

Jambo la pili ni gumu. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa moja, basi tofauti ya saa ndiyo tofauti ya mahali. Ujiji hulipata jua la adhuhuri mbele ya Greenwich, karibu na London, kwa muda wa karibu saa mbili. Kwa hiyo iko karibu nyuzi 30 mashariki yake. Lakini msafiri ajuaje saa ya Greenwich akiwa Ujiji? Ama achukue saa nzuri zisizopotea, ama autumie mwezi. Mwezi hujongea kati ya nyota kwa kadiri ya upana wake kila saa moja, na kitabu kimeandika utakuwa umbali gani kutoka nyota fulani kwa saa fulani. Kila mvuvi wa dagaa wa Kigoma azijua siku za mbalamwezi, maana taa yake haimfai siku hizo. Livingstone naye aliujua mwezi, akaufanya saa yake. Ila ni saa yenye kudai mkono mtulivu sana. Akikosea kipimo cha pembe kwa sehemu moja ya sitini ya nyuzi moja, ramani itakosea kilometa zipatazo 55. Mtu mwenye homa anayetetemeka na apime hivyo katika giza, mbu wakimwuma!

Baada ya safari ya Zambezi ya miaka 1858 hata 1864, ambayo ndani yake alimzika mkewe Mary huko Shupanga mwaka 1862, Livingstone alirudi Afrika kwa mara ya mwisho. Alifika Unguja Januari 1866, akashuka Mikindani mwezi wa Machi, akaufuata mto Ruvuma. Alikuwa na makusudi mawili: kuitangaza biashara ya watumwa ili ikomeshwe, na kutafuta chemchemi za mto Nile. Jambo hili la pili lilikuwa limewagawa wenye elimu wa Uingereza. Burton na Speke walifika Ujiji mwezi wa Februari 1858, wakiwa wa kwanza katika Wazungu; Speke akasema Nile yatoka katika ziwa aliloliita Victoria, Burton akamkatalia. Wengine wakadhani Tanganyika yenyewe yatoa maji yake kaskazini kwa mto Rusizi mpaka katika Nile. Wenyeji walikuwa wamemwambia Burton kwamba Rusizi waingia ziwani wala hautoki, lakini huko Ulaya neno la wenyeji halikupewa uzito wake.

Mwanzoni mwa 1867 misiba ikaanza. Mpagazi aliyezichukua saa za Dokta aliteleza akaanguka nazo. Saa hazikuvunjika, lakini mwendo wake uliharibika, na tangu hapo mahali pengi katika ramani yake pakasogea maili nyingi upande wa mashariki. Siku chache baadaye watoro waliondoka na sanduku la dawa. Hata hivyo alisonga mbele. Aprili 1867 akafika ncha ya kusini ya ziwa letu, ambayo wenyeji waliiita Liemba. Ndilo jina lililopewa baadaye ile meli ya Kigoma iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913. Novemba akafika Ziwa Mweru, na Julai 1868 Ziwa Bangweulu. Mwisho, tarehe 14 Machi 1869, aliingia Ujiji akichukuliwa kwa machela, mgonjwa wa mapafu. Akakuta mali iliyotumwa kutoka Unguja imeibwa sehemu kubwa, na barua nyingi alizoandika hapo hazikufika pwani.

Ujiji wa siku zile ulikuwa mji wa soko. Wajiji walileta samaki, chumvi na mafuta ya mawese. Waarabu na Waungwana walikuwa na nyumba zao. Pembe za ndovu zilivushwa kutoka Manyema, na pamoja na pembe, watu wenye kongwa shingoni. Hapo ndipo ugumu wa maisha ya Livingstone ulipoonekana. Aliichukia biashara ile kwa moyo wake wote, naye alikuwa akila chakula cha wafanya biashara hao, akisafiri katika mitumbwi yao na kuuguzwa nao, wakimtendea wema. Hatuna ruhusa ya kuificha habari hiyo kwa sababu twampenda.

Julai 1869 alivuka ziwa. Karibu na Kabogo aliteremsha kamba majini, ikapima yapata mita 600. Leo twajua kwamba ziwa hili lina kina cha mita 1,470 penye kina kikubwa, na katika ulimwengu wote ni Baikal peke yake ipitayo hapo. Huko Manyema vidonda vya miguu vilimweka kitandani miezi mingi. Karatasi zikamwishia, na wino pia. Akaandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino alioufanya kwa mbegu za mmea. Machi 1871 akafika Nyangwe, kando ya mto mkubwa Lualaba, akaamini moyoni kwamba mto huo ndio Nile. Tarehe 15 Julai, kwa hesabu yake, watu wenye bunduki waliingia sokoni Nyangwe wakawapiga wanawake waliokuja kuuza vitu vyao. Watu mamia walikufa, wengine kwa risasi, wengine kwa kuzama mtoni. Livingstone aliona kwa macho yake. Hakuweza kukaa tena na watu wale. Akageuka, akarudi Ujiji kwa miguu, amevunjika moyo na mwili.

Alipofika Ujiji hakukuta kitu. Mtu aliyekabidhiwa mali yake alikuwa amekwisha kuiuza yote, akisema bwana wake amekufa. Katika siku hizo za ufukara akaja Bwana Henry Morton Stanley na msafara wake. Vitabu vingi huandika kwamba walikutana tarehe 10 Novemba 1871. Lakini katika daftari ya Livingstone mkutano ule umo mwishoni mwa Oktoba. Kwa homa na taabu hesabu yake ya siku ilikuwa imepotea. Mtu aliyezijua saa za mbinguni kuliko wote waliokuwa ufukoni hakuijua tena tarehe ya siku ile.

Alipokula na kupata nguvu, wao wawili waliazima mtumbwi kwa Mwarabu mmoja wa Ujiji, wakavuta makasia kuelekea kaskazini, Novemba hiyo. Walipofika mwisho wa ziwa waliuona mto Rusizi kwa macho, ukiingia ziwani, kama wenyeji walivyosema miaka 13 mbele. Kwa hiyo Tanganyika haikuwa chemchemi ya Nile. Livingstone aliukubali ushahidi huu pasipo kusita. Ila shauri la Lualaba hakuliacha. Alikuwa amesoma katika kitabu cha Herodoto, Myunani wa kale, habari ya chemchemi zitokazo kati ya vilima viwili, naye akaunganisha habari ile na maneno aliyoyasikia Manyema, akajijengea ramani ambayo hakuipima. Kama Thomas Dick alivyoujaza mwezi wakazi, ndivyo yeye alivyoijaza nchi ya kusini chemchemi.

Tazameni jambo la ajabu. Katika karne ya 20 iligunduliwa kwamba chemchemi ya Nile iliyo mbali kabisa upande wa kusini iko Rutovu, nchi ya Burundi, nyuma ya milima ya mashariki ya ziwa. Maji yake huingia Ruvubu, kisha Kagera, kisha Ziwa Victoria. Livingstone na Stanley walipokuwa wakipita ufukoni kwenda Rusizi, milima ile ilikuwa upande wao wa kuume, na maji yaliyotafutwa yalikuwa mwendo wa siku chache kwa miguu. Katika picha ya setilaiti mtoto wa shule aweza kufunika sehemu zote mbili kwa kidole kimoja.

Tarehe 27 Desemba 1871 waliondoka Ujiji, wakafika Unyanyembe Februari. Stanley alimsihi warudi wote Ulaya, akakataa. Agosti 1872 akapata wapagazi wapya, akaenda kusini hata Bangweulu. Masika yakamkuta katika vinamasi. Mawingu yalifunika mbingu siku nyingi, jua na nyota hazikuonekana, na vipimo vya zamani havikulingana na nchi aliyoikanyaga. Akapotea katika maji, akitoka damu kwa ugonjwa wa tumbo, mpaka akachukuliwa kwa machela. Alfajiri ya tarehe 1 Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, watu wake walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake, naye amekwisha kufa.

Hapo kazi iliingia mikononi mwa Waafrika. Chuma, Myao aliyeokolewa utumwani mwaka 1861; Susi, mtu wa Shupanga; Jacob Wainwright, aliyesomeshwa Nasik huko Bara Hindi; na wenzao, wanaume kwa wanawake, walifanya shauri. Waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, na Wainwright akaandika orodha ya vitu vyote. Kisha wakauchukua mwili pamoja na madaftari na vyombo vya kupimia, mwendo wa zaidi ya kilometa 1,600. Huko Unyanyembe walikutana na Mwingereza, Luteni Cameron, aliyewashauri wamzike hapo. Wakakataa. Wakafika Bagamoyo Februari 1874, na tarehe 18 Aprili Livingstone akazikwa katika kanisa la Westminster, London. Kama wangaliyatupa madaftari yale njiani, nani angaliwalaumu? Kila mzigo ulikuwa mzito, na njia ilikuwa na njaa na vita. Lakini waliyaleta yote.

Luteni Cameron naye alifika Ujiji Februari 1874, akayakuta makaratasi ambayo Dokta aliyaacha huko, akayapeleka pwani. Akazunguka sehemu ya kusini ya ziwa, na mwezi wa Mei akauona mto Lukuga, upande wa magharibi, ambao ndio mlango wa maji ya Tanganyika. Halafu alikwenda Nyangwe, akapima. Kwa vipimo vyake Lualaba hapo ulikuwa chini kuliko Nile huko Gondokoro, tena maji yake yalikuwa mengi mara kadhaa kupita ya Nile. Basi yawezekanaje mto upande juu, na mto mdogo uwe mwendelezo wa mto mkubwa? Mwaka 1877 Stanley akamaliza maneno, akaufuata Lualaba hata ukatokea bahari ya magharibi kwa jina la Kongo. Vipimo vilimpinga Livingstone, na mwenyewe ndiye aliyewazoeza watu kuviamini vipimo.

Jambo moja zaidi lahusu picha. Yale maandiko ya Manyema, yaliyoandikwa kwa wino wa mbegu juu ya magazeti, yalifutika hata yasisomeke. Tangu mwaka 2010 wataalamu waliyapiga picha kwa nuru za rangi nyingi, nyingine zisizoonekana kwa jicho la mtu, kisha wakazilinganisha kwa kompyuta. Ni njia iliyo jamaa ya ile ya setilaiti, ambazo huutenga msitu na shamba, au maji safi na maji ya tope, kwa kutumia nuru ambazo jicho halizioni. Herufi zikatokea, na mwaka 2011 habari ya Nyangwe ikasomwa kama ilivyoandikwa kwanza. Ikaonekana kwamba haikufanana katika kila neno na kitabu kilichochapwa 1874. Imeleta maswali juu ya mwenendo wa baadhi ya watu wa msafara wake mwenyewe. Uovu wa siku ile haukupungua kwa maswali hayo, wala kilio cha wale waliokufa hakikubadilika. Lakini twajifunza kwamba hata shahidi mwema hupunguza au huongeza neno anapokusudia kusomwa na wengi.

Habari yake ya Nyangwe ilipofika Uingereza iliwasha hasira kubwa, na tarehe 5 Juni 1873, mwezi mmoja tu baada ya kifo chake, Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa. Livingstone hakuisikia habari hiyo.

Leo pale Ujiji pana mnara wa ukumbusho na miembe iliyotokana na mti wa zamani. Mgeni hustaajabu kwamba maji yako mbali na mnara, kwa kuwa baada ya mwaka 1878 Lukuga ulifunguka kwa nguvu na ziwa likashuka karibu mita 10 katika miaka iliyofuata. Siku hizi setilaiti hupima kimo cha ziwa kutoka juu, na mwaka 2021 kila mkazi wa Kibirizi na wa bandari ya Kigoma aliona kwamba maji yamepanda tena na kuingia katika nyumba.

Ndugu zangu, picha za dunia kutoka juu ni zawadi, nasi tuzitazame pamoja na watoto wetu kwa furaha. Ila ndani yake hamna kongwa la mtumwa, wala jina la mpagazi, wala kilio cha soko la Nyangwe. Hayo tuliyapata kwa mtu aliyekaa chini na kuandika aliyoyaona, na kwa watu waliouchukua mzigo wake hata pwani. Waalimu wa shule za mashirika yetu watakapowaonyesha watoto picha ya ziwa, wawaonyeshe Rusizi unapoingia na Lukuga unapotoka. Kisha wawataje kwa majina Livingstone, Chuma, Susi na Wainwright, na kuwaambia kila mmoja alifanya kazi gani.